Kumhudumia Mama Mkwe Nikiwa Nje ya Dirisha

Juzi binti mmoja anayesomea uuguzi alipita nyumbani kunisalimia. Baada ya shikamoo na chai akaniambia kwamba bibi yake macho yamepungua nguvu, na familia imeamua akae tu kitini, asiguse kitu, ili awe salama. Akataka kujua ni kiti cha aina gani kinafaa. Nikacheka mpaka mke wangu akachungulia kutoka jikoni kuona kama nimepaliwa. Sikumcheka binti wa watu. Nilimkumbuka mama mkwe wangu, ambaye angesikia habari za kiti hicho angekipasua kuni akachemshia maharage.

Basi nyie mnaoingia kazi hii, na nyie ambao hamkuichagua ila mna bibi au babu nyumbani, sogeeni. Sina mhadhara. Nina mama mkwe.

Kabla sijastaafu nilikuwa natembelea majumbani watu ambao daktari wa macho amewaambia ukweli: upasuaji hausaidii, miwani haisaidii, kilichobaki ndicho hicho. Siku hizi mnaita uoni hafifu. Sisi tulisema fulani haoni vizuri, basi. Kazi ilikuwa kumfundisha mtu huyo na watu wa nyumbani kwake namna ya kuishi bila kuungua, bila kuanguka, na bila kugombana kila asubuhi kuhusu nani kahamisha kijiko. Tulikuwa wawili tu kwa Mwanza nzima, mimi na mkubwa wangu wa kazi, Mzee Rweyemamu, Mhaya mmoja aliyepiga pasi hata suruali ya kuendea shambani.

Siku yangu ya kwanza Mzee Rweyemamu alinipa miwani aliyoipaka mafuta ya mgando katikati ya vioo, akasema, "Vaa. Zunguka hospitali. Kisha tupikie chai." Nilidhani ni mchezo. Kufika kwenye korido nikamwona mzee mrefu amesimama kando ya mlango, nikainama kwa adabu: "Shikamoo, mzee." Kimya. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, maana wazee wengine masikio nayo yamechoka. Nyuma yangu sauti ya mwanamke ikajibu, "Marahaba, mwanangu. Lakini hilo ni koti la mvua." Alikuwa muuguzi mkuu. Kwa muda mrefu baadaye kila akinikuta karibu na koti lolote alikuwa ananiuliza kama tumeshajuliana hali.

Chai nayo niliitia chumvi. Mzee Rweyemamu aliinywa yote bila kukunja uso, akasema, "Umeona? Hukukosea kwa ujinga. Umekosea kwa sababu makopo mawili yanafanana. Kwa hiyo tutarekebisha nani, wewe au makopo?" Hilo swali limenilisha miaka yote ya kazi.

Sasa njooni kwa mama mkwe.

Alikuwa mjane, anaishi peke yake Mkuyuni, hapo hapo mjini Mwanza, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mume wake, na kila asubuhi anakaanga maandazi ambayo majirani walikuja kuyachukua yakiwa bado yanachuruzika mafuta. Wote tulimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Alikuwa na watoto wawili: Kabula, mke wangu, aliyeuza mitumba sokoni hapo hapo Mkuyuni, na Masanja, kaka mtu, mfugaji na mkulima wa pamba wa Usagara, mtu mwenye mwili mkubwa, moyo mkubwa na sauti iliyozoea kuita ng'ombe wa mbali.

Lazima mwelewe jambo moja, la sivyo hamtaelewa lolote. Kwetu Usukumani, wakati ule kuliko sasa, mwanamume na mama mkwe wake walikuwa kama milingoti miwili ya goli: wako uwanja mmoja lakini hawasogeleani. Humpi mkono. Huli naye sahani moja. Jikoni kwake huingii, chumbani ndiyo usiseme. Mkizungumza, mnazungumza kupitia mtu wa tatu. Mayu akitaka kujua kama nimeshiba, atamwuliza Kabula, "Mkwe ameshiba?" nami nimekaa hapo hapo namsikia, na nitamjibu Kabula, "Mwambie Mayu nimeshiba." Siku moja Kabula alikuwa ametoka, Mayu akaniagizia habari ya bati linalovuja kupitia kwa kuku aliyekuwa akipita sebuleni. Nami nikamjibu kuku.

Tena kila nilipomsalimia, Mayu aligeuza uso akatazama pembeni, kama anatafuta kitu mlangoni. Nilikuwa naenda nyumbani nikimsifu kwa mke wangu. "Mama yako ana heshima sana. Hajawahi kunikazia macho hata mara moja."

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Maduka ambayo zamani yalikuwa na sabuni na subira yalijaa vitu ghafla, na kila kitu kilikuja ndani ya plastiki. Chupa za plastiki zenyewe zilikuwa mali. Maji yakiisha hutupi, unawekea mafuta. Mayu alikuwa na mbili zinazolingana kama mapacha, moja ya mafuta ya kula, nyingine ya mafuta ya taa, zimesimama bega kwa bega chini ya meza ya jikoni.

Asubuhi moja akachukua isiyo yenyewe akaimimina kwenye karai lililokwisha kupata moto.

Moto uliruka mpaka kwenye dari. Mayu alirudi nyuma, lakini pindo la khanga lilikuwa limeshashika. Aliyemwokoa ni jirani aliyekuja kuchukua maandazi. Alimvua khanga ile, akaikanyaga, kisha akafunika karai kwa gunia alilolilowesha kwenye pipa la maji. Nasema gunia bichi, nyie vijana, si ndoo ya maji. Ukimwaga maji kwenye mafuta yanayowaka umeyapa miguu. Mayu aliungua mkono wa kulia, si sana, lakini malengelenge yalikuwepo. Jirani akasimulia kwamba alimkuta amesimama, hatetemeki, anasema, "Haya mafuta ya siku hizi ni mabaya."

Masanja alikuja kutoka Usagara siku hiyo hiyo. Hakukaa hata kitini.

"Mayu, umeshaacha kuona. Unahamia kwangu."

"Naona."

"Mimi nimevaa shati gani?"

"Chafu," alisema Mayu.

Tulicheka wote isipokuwa Masanja, ambaye alikuwa ameanza kulia. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mkubwa vile akilia. Alisema ameota mara nyingi anaitwa Mkuyuni kuja kuzika, na kwamba kwake kuna nyumba, kuna maziwa, kuna wakamwana wa kumpikia, mama atakaa atulie.

"Nitulie nikifanya nini?" Mayu akauliza, safari hii bila utani. "Hapa watu wananigongea kila asubuhi. Kwako nitakuwa mzigo unaohamishwa kutoka kivulini kwenda juani, na kutoka juani kwenda kivulini. Bora huo moto."

Ndipo Masanja akanigeukia. "Shemeji, wewe si ndiyo kazi yako? Basi ifanye. Nikishavuna pamba nitarudi. Nikikuta hapa pako salama, nanyamaza. Nikikuta ameungua tena au ameanguka, nambeba, hata kama atanitukana njia nzima."

Nikaitikia kwa ujasiri. Nilipofika nje ndipo nikakumbuka kwamba hatari zote ziko jikoni, na mimi jikoni hapo siruhusiwi kutia mguu.

Tulifanya hivi. Niliweka kigoda nje chini ya dirisha la jikoni, Kabula akaingia ndani, mimi nikaelekeza kwa sauti.

"Jiko litoe kwenye njia ya mlango, liende kona ya kushoto."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwa anayetoka sebuleni!"

"Mimi nimetoka uani!"

Kikasikika kishindo cha sufuria kuanguka. Halafu sauti ya Mayu, tulivu kabisa: "Kabula, mwulize mkwe kama huko nje kuna jua. Naona anaanza kupata joto."

Majirani walikusanyika wakidhani tunagombana. Mama mmoja alikaa kando yangu akaanza kutupatanisha. Nilipomweleza kwamba napanga jiko la mama mkwe, alinitazama kwa huruma nyingi, akaniletea maji ya kunywa.

Baada ya hapo nilimwomba Mzee Rweyemamu anisaidie, kwa kuwa yeye hakuwa mkwe wa mtu pale. Alikuja na suruali yake iliyonyooka, akapiga hodi, akataja jina lake, akasema amekuja na nani na kwa nini, akangoja mpaka aambiwe karibu. Angalieni hapo. Msiingie nyumbani kwa mtu asiyeona vizuri mkimnyatia kama paka. Na mkiondoka, semeni mnaondoka. Nimeona wazee wakizungumza na kiti kitupu kwa sababu mgeni alijiona ana haraka.

Alimketisha Mayu jikoni, mkabala naye. Mimi nilikuwa kigodani kwangu, nachungulia.

"Mama, nitazame usoni."

Mayu akageuza uso, akatazama mlango.

"Ni heshima tu, mzee," Kabula akaeleza. "Hata kwa mume wangu anafanya hivyo hivyo."

"Huyo ni mkwe wake," alisema Mzee Rweyemamu. "Mimi ni nani wake?"

Akainua vidole mbele ya pua ya Mayu, hakuviona. Akavipeleka taratibu upande wa sikio. Mayu akavitaja bila kukosea. Akampeleka kwa daktari, na daktari akathibitisha: katikati ya macho yote mawili palikuwa pameharibika siku nyingi, pembeni pamebaki pazima. Mtu wa namna hiyo akitaka kukuona lazima asikutazame. Anageuza uso ili akupate kwa ukingo wa jicho.

Tuliporudi Mkuyuni, nikiwa tena kigodani kwangu, Mzee Rweyemamu alinigeukia pale dirishani. "Umefanya kazi hii nami siku zote hizi," alisema, "na mgonjwa wako wa kwanza alikuwa anakupakulia ugali."

Nilitamani kuingia chini ya kigoda. Lakini Mayu ndiye aliyenimaliza. "Kabula," alisema, "mwambie mkwe asijisikie vibaya. Tangu amekuoa nimekuwa nikimtazama vizuri kabisa. Na mwambie lile shati la kijani halimpendezi."

Kazi ilipoanza kweli, ilikuwa ya vitu vidogo vidogo. Mafuta ya taa yalitolewa jikoni moja kwa moja, yakawekwa nje kwenye kibanda, chupa imefungwa vipande vya mpira wa baiskeli ili mkono ujue kabla ya jicho. Mafuta ya kula yakahamia kwenye kopo nene. Chumvi na sukari tulivitenganisha kwa umbo, moja kopo la duara, nyingine la pembe nne. Ugali mweupe ukahamia kwenye sahani ya bluu iliyokolea, naye akaacha kusukuma matonge mezani. Chai ya maziwa ikahamia kwenye kikombe cheusi. Kigoda chake tukakigeuza ili dirisha liwe nyuma ya bega lake, mwanga uangukie kwenye karai na si machoni. Khanga akajifunza kuipindua kiunoni kabla ya kuwasha jiko. Milango yote ama wazi mpaka ukutani ama imefungwa. Mlango ulioachwa nusu ndio unaopasua watu vipaji vya uso.

Kila kimoja kilipita kwa Mayu kwanza. Mzee Rweyemamu alikuwa amejaribu kupanga kabati lake kwa mtindo wa hospitali, vikubwa chini, vidogo juu. Mayu akamwacha amalize, akamshukuru, kisha akamwambia Kabula arudishe kila kitu kilipokuwa. "Ni kabati langu," alisema. "Nikifa apange anavyotaka." Mzee Rweyemamu akapiga makofi. Alisema angeshangaa kama asingepingwa.

Yaliyoharibika yaliharibika vizuri pia. Ngazi za uani zilikuwa na rangi moja na udongo, kwa hiyo tukaamua kupaka kingo zake rangi ya njano. Kabula akapaka, tukasimama mbali tukijipongeza. Kuku wakapita juu yake ikiwa mbichi. Walizunguka sebule, wakaingia jikoni, wakarudi uani kulala. Asubuhi tulimkuta Mayu amesimama kwenye mlango wa banda la kuku.

"Kabula, mwambie mkwe alama zake za njano nimezifuata zote kama alivyoagiza. Zimenifikisha hapa. Nifanye nini sasa, nitage?"

Miezi ikaenda. Maandazi yakaendelea, mengine marefu, mengine kama masikio, lakini hakuna aliyelalamika, na hakuna lengelenge jipya. Jirani aliniambia kwamba Mayu sasa anaimba akiwa anakaanga, jambo ambalo hakuwahi kulisikia tangu mume wake afariki. Nikajua kwamba huko nyuma alikuwa kimya kwa sababu ya hofu. Alikuwa anakaanga kila siku akiogopa, na hakumwambia mtu, kwa sababu alijua tutampa kiti.

Masanja alirudi baada ya pamba kama alivyoahidi. Alifika asubuhi, Mayu yuko kazini, mimi na Kabula tuko sebuleni. Alikuwa na gunia la viazi vitamu begani, zawadi kwa mama. Kwa furaha aliyokuwa nayo akalitua pale alipofika, katikati ya mlango wa kutokea sebuleni kwenda jikoni, akalipita, akaenda kusimama jikoni akikagua kuta na dari kama bwana afya.

"Mayu! Nimefika!"

Mayu alikuwa ndiyo kwanza anatoka chumbani, alikouacha unga uumuke, ameinua sinia la unga uliokandwa. Aliposikia sauti ya mwanawe alitembea upesi kumfuata, kwenye njia anayoipita kila siku ya maisha yake, uso ameuinua, anatabasamu. Mguu ukapiga gunia.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Sikuamua kitu. Nilijikuta tu nimeruka, nimevuka kizingiti cha jikoni kwa mama mkwe, nimemshika mkono mmoja kwa nguvu, na yeye amening'inia kwenye kiwiko changu kwa mkono wa pili. Jiko lilikuwa likiwaka kule konani tulikolihamishia, mbali na tuliposimama. Sinia liliendelea na safari bila sisi. Unga wote ulimpata Masanja, kuanzia paji la uso hadi kifuani.

Kabula alikuwa ameweka mikono kinywani, na haikuwa kwa sababu ya kaka yake. Mimi mikono yangu ilikuwa imemshika mama mkwe wangu na haikujua iende wapi. Nikataka kuiondoa; Mayu akakaza vidole.

"Usiniachie," alisema. Hakumwambia Kabula. Aliniambia mimi. "Nani kaweka kitu mlangoni?"

"Ni viazi, Mayu," Masanja alijibu kutoka ndani ya unga. "Nimekuletea viazi. Lakini si unaona? Umeanguka. Nilisema mimi. Twende Usagara."

Mayu alisimama wima bila kuniachia. Aligeuza uso pembeni mpaka akampata mwanawe sawasawa kwenye ukingo wa jicho. "Masanja, mwanangu. Hapa nimekaa tangu ulipoondoka sijajikwaa hata kwa kuku. Umeingia wewe, nimeanguka. Sasa unataka nikaishi kwako, mahali ambapo wewe unashinda kutwa?"

Masanja alifungua mdomo, unga ukaingia. Akaufunga. Alitazama kopo, sahani ya bluu, jiko lililo konani, kisha akalitazama gunia lake. Akaliinua, akalipeleka nje, akarudi akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Niliweke wapi?"

"Ndiyo swali hilo," alisema Mayu. "Ungeanza nalo."

Mila haikupita bure. Wazee walinitoza mbuzi kwa kuingia jikoni na kumshika mama mkwe, tukamla wote, Masanja akila kuliko wote. Lakini Mayu aliwaambia wazee hao kwamba mbuzi amelipia na siku zijazo pia, kwa sababu yeye kiwiko ameshakipenda. Wakanung'unika, wakaguguna mifupa, wakakubali.

Aliishi Mkuyuni kwake miaka mingi baada ya hapo. Macho yaliendelea kupungua, nasi tukaendelea kubadilisha hiki na kile, mpaka ukingo nao ukaanza kumtoka. Safari ya mwisho ndefu tuliyokwenda pamoja ilikuwa Sengerema, kwenye harusi ya mjukuu. Kufika Kigongo kivuko kilikuwa kimejaa, watu wanasukumana, mimi mbele, yeye nusu hatua nyuma amenishika juu ya kiwiko, kama inavyotakiwa. Kulikuwa na watu wa kwetu wengi pale. Niliwasikia wakinong'onezana, mwanamume mzima anatembea ameshikwa na mama mkwe wake hadharani. Nikainamisha kichwa, nikawa natembea huku natazama viatu vyangu.

Sijui alijuaje. Wakati huo alikuwa hanioni kabisa.

"Mkwe," alisema, akanivuta mkono kidogo, "inua kichwa. Ukitazama chini wewe, mbele ataangalia nani?"

Nikainua kichwa. Watu wakatupisha, tukapanda.